Dhana Potofu Kuhusu Kupamba Chumba cha Kulia Chakula, na Ukweli Wake

Katika nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, sehemu ya kulia chakula hupewa nafasi inayobaki kati ya sebule na jiko, kisha meza hununuliwa kabla mtu hajaipima nafasi yenyewe. Makosa mengi yanayofuata hayatokani na uhaba wa fedha. Yanatokana na mawazo tuliyoyaokota dukani, kwa majirani na kwenye picha za mitandaoni, ambayo hatujayalinganisha na vipimo vya mwili wa binadamu, tabia ya mbao wala chakula tunachokula kila siku. Yafuatayo ni yale ambayo, kwa maoni yangu, hugharimu familia zaidi.

“Meza kubwa ndiyo yenye heshima”

Hakuna dhana iliyoharibu vyumba vingi kama hii. Mtu mmoja akiketi mezani huhitaji upana wa sentimita 60 hivi ili kiwiko chake kisimgonge jirani, kwa hiyo meza ya mstatili yenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 90 inawatosha watu sita bila kubanana. Tatizo linaanzia nyuma ya viti. Ili mtu avute kiti chake na kuinuka, panatakiwa pawe na sentimita 75 kwa uchache kati ya ukingo wa meza na ukuta, na sentimita 90 ndizo zinazompa utulivu. Kama kuna atakayepita nyuma ya walioketi akiwa amebeba sinia la wali, nafasi hiyo iongezwe hadi 110 au 120. Maana yake ni kwamba meza ya watu sita, pamoja na sentimita 90 kila upande, inahitaji chumba cha mita 3.6 kwa mita 2.7, na vyumba vya kulia vya nyumba nyingi za mjini havifikii kipimo hicho. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, meza ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 120 huketisha watu wanne vizuri na kuacha sentimita 90 za kupita pande zote. Meza hiyo ndogo itaonekana ya kifahari kuliko ile kubwa inayowalazimisha wageni kupita kiubavu.

Kabla ya kulipa arbuni, tandika kanga sakafuni. Kanga moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110, ukubwa unaokaribia meza ya watu wanne hadi sita, na unaweza kuikunja au kuongeza nyingine mpaka ufikie vipimo vya meza unayoitamani. Panga viti kuizunguka, ketini, inukeni, fungueni mlango wa jiko na wa kabati. Jaribio hili halina gharama, na kwa nusu saa tu litakuonyesha mambo ambayo muuza samani hana haja ya kukueleza.

Urefu wa kwenda juu nao una sheria zake. Meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 75 hivi na kikalio cha kiti sentimita 45, kwa hiyo kati ya viwili hivyo hubaki sentimita 30. Tofauti ikipungua chini ya 25, mapaja hubanwa. Ikizidi sana, mlaji hulazimika kuinua mabega kila anapopeleka mkono kwenye sahani. Fundi akiweka sponji nene baada ya kuwa amekwisha kupima fremu ya kiti, hesabu yote huharibika, na ndiyo maana ni vyema kumpa kipimo cha kikalio kilichokamilika pamoja na sponji yake. Mwombe pia apime mbao za fremu zinazozunguka chini ya ubao wa meza, maana mara nyingi hizo ndizo zinazogonga magoti ya watu warefu.

“Samani nzito na nyeusi kutoka nje ni bora kuliko ya fundi wetu”

Uzito si ushahidi wa uimara, na weusi mara nyingi ni rangi tu iliyopakwa juu ya mbao ya kawaida. Mninga, ambao mafundi wa Tanzania wameupenda kwa miaka mingi, una uzito wa wastani. Sifa yake kubwa ni kwamba husinyaa kidogo sana unapokauka, kwa hiyo milango na meza zake hukaa bila kupinda. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayousaidia kustahimili maji, na mvule na mkongo nazo ni mbao za kuaminika. Paini inayovunwa katika shamba la miti la Sao Hill, Tanzania, ni laini na huingia alama kirahisi, ila kwa rafu na kabati lililopakwa rangi vizuri haina ubaya wowote.

Meza nyingi zinazong’aa za kutoka nje hutengenezwa kwa MDF, yaani nyuzinyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi, kisha kufunikwa kwa tabaka jembamba la mbao au plastiki. Si sahihi kuidharau moja kwa moja, kwa kuwa MDF hukaa bapa na hupokea rangi vizuri. Udhaifu wake ni maji: yakipenya kwenye ukingo uliobanduka, ubao huvimba na haurudi tena katika umbo lake. Katika nyumba za pwani, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima na sakafu hupigwa deki kila siku, miguu ya meza ya namna hiyo ndiyo huanza kuharibika.

Mbao halisi nayo ina masharti yake. Ubao mbichi ukikauka husinyaa kwa upana, huku urefu wake ukibadilika kidogo sana, na hata baada ya kukauka huendelea kutanuka wakati wa mvua na kujibana wakati wa kiangazi. Seremala anayeujua mti huufunga ubao wa juu wa meza kwa skrubu zilizopitishwa kwenye matundu marefu kidogo, au kwa vishikizo vya mbao, ili ubao upate pa kujongea; akiukaza kwa misumari na gundi pande zote, utapasuka katikati, na mteja ataulaumu mti bure. Kwa hiyo unapokwenda kwa mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam, au wale wa kandokando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, yafaa uanze kwa kuuliza mbao imekaushwa kwa muda gani na ubao wa juu utafungwaje, kabla ya kufika kwenye bei.

“Marumaru na kioo ndiyo usasa”

Jiwe la marumaru ni kalisi kaboneti, na kila asidi huila. Mezani petu asidi hazikosekani: ndimu ya samaki, ukwaju, achari, siki ya kachumbari, juisi ya embe au ya pasheni. Tone moja likiachwa kwa dakika chache hulitia jiwe doa lililofifia ambalo halitoki kwa kuoshwa, kwa sababu si uchafu, ni uso wa jiwe wenyewe uliolika, na tiba yake ni kusuguliwa upya na fundi. Dawa za kuziba vinyweleo vya jiwe huzuia rangi na mafuta yasinywewe, lakini haziizuii asidi kula uso. Anayetaka meza ya jiwe achague graniti, ambayo hustahimili ndimu.

Kuhusu kioo, ni kweli kwamba jicho likiiona sakafu kupitia meza, chumba huonekana chepesi zaidi. Lakini nafasi ya kupita haiongezeki hata sentimita moja. Ukikichagua, hakikisha ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika hutawanyika kuwa vipande vidogo badala ya mapande yanayokata kama kisu.

“Viti lazima viwe seti”

Hakuna sababu yoyote ya lazima. Kinachotakiwa kulingana ni kimo cha vikalio, ili wanaoketi pamoja wawe katika usawa mmoja. Umbo la migongo na rangi vinaweza kutofautiana, na viti vya bibi vilivyopigwa msasa upya vinaweza kukaa na vipya bila aibu. Ninachokisisitiza zaidi ni kitambaa. Viti vyeupe vilivyogongomelewa sponji moja kwa moja vitapokea binzari ya manjano na mchuzi wa nazi kabla mwezi haujaisha. Rangi ya manjano hufifia sana kitambaa kikifuliwa na kuanikwa juani, kwa hiyo foronya za kuvuliwa zitakufaa kuliko kitambaa kisichotoka.

“Taa nyingi na kali ndizo zinazopamba”

Dari ya jipsam yenye taa ndogo kumi na mbili za mwanga wa buluu humulika sakafu na vichwa vya watu, huku chakula kikionekana kama kimepoa. Meza huhitaji taa moja inayoning’inia sentimita 75 hadi 90 juu ya ubao wake, ili imulike vyombo bila kuzuia nyuso za wanaotazamana. Soma kasha la balbu: mwanga wa kelvini 2,700 hadi 3,000 ni wa joto, karibu na ule wa kandili, wakati zile za 6,500, ambazo zimejaa madukani, zinafaa zaidi kwenye benchi la fundi. Kama kasha linaonyesha kiwango cha uhalisia wa rangi (CRI au Ra), tafuta 90 au zaidi, na utaona tofauti kwenye wekundu wa nyanya na ukijani wa mchicha.

Tatizo letu sisi wa nchi za joto ni pangaboi, yaani feni ya darini. Taa ikiwa juu ya mapanga yake, vivuli hucheza juu ya meza na kuchosha macho. Basi pangaboi lisogezwe upande, au mwanga uletwe kwa taa za ukutani.

“Kuta nyekundu huleta hamu ya kula”

Ushahidi wake ni dhaifu. Hamu ya kula huletwa na njaa na harufu ya jikoni. Chagua rangi unayoipenda, mradi iwe ya kuoshwa, kwa sababu ukuta wa chumba hiki hurukiwa na mchuzi.

“Kula mkekani ni kukosa mtindo”

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa kuwa inatufanya tuuone urithi wetu wenyewe kuwa ni upungufu. Nyumba za mawe za Lamu, ambao mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za plasta iliyochongwa kwa ustadi, zikipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China, na hazikutenga chumba kwa ajili ya meza ya kulia. Viti vya enzi vilikuwepo, vikiwekewa wageni wa heshima. Chakula kililetwa kwenye sinia, kikafunikwa kwa kawa, watu wakanawishwa kwa birika na kukaa mkekani. Na Oman hadi leo familia zenye uwezo mkubwa huketi chini kulizunguka sinia.

Anayetaka kupamba chumba kwa namna hiyo ana kazi ya kweli ya usanifu mbele yake. Jicho la aliyeketi chini liko takriban sentimita 75 hadi 80 kutoka sakafuni, kwa hiyo picha, rafu na taa vyote vishuke; mapambo yaliyotundikwa kwa kimo cha mtu aliyesimama yatakuwa yanaelea juu ya vichwa. Mkeka wa ukindu uwe mpana kuliko duara la walaji, mito ya kuegemea iwe migumu, na viwepo viti viwili vitatu vya wazee ambao magoti hayawaruhusu kukaa chini. Zidaka zinaweza kujengwa ndani ya ukuta mpya kwa gharama ndogo nyumba ikiwa bado inajengwa, nazo huweka vyombo mahali vinapoonekana na kufikiwa, tofauti na kabati la kioo lililofungwa kwa ufunguo kumsubiri mgeni.

“Chumba kikamilike kwa mkupuo mmoja”

Nunua meza na taa kwanza, na viti kwa idadi ya wanaoishi humo. Zulia liache, isipokuwa una nafasi ya lile linalozidi meza kwa sentimita 60 kila upande, ili miguu ya nyuma ya viti isinase kwenye ukingo wake. Pitisha masika na kiangazi ukiwa na vitu hivyo vichache. Utajua dirisha lipi huingiza mvua, jua la saa kumi humwangukia nani usoni na ukuta upi hutoa unyevu. Mapazia yapimwe baada ya hapo.