Kasisi aliyehesabu miezi arobaini na miwili

Kila vita vinapozuka Mashariki ya Kati, simu yangu hujaa ujumbe wa wanafunzi niliowahi kuwafundisha Agano la Kale, na swali lao huwa moja: je, huu ndio ule wakati uliotabiriwa? Siwajibu kwa ndiyo wala hapana, bali huwasimulia habari za William Hechler, kasisi wa Kianglikana aliyehudumu katika ubalozi wa Uingereza mjini Vienna tangu 1885.

Hechler alikuwa akiutafakari mstari wa Ufunuo 11:2, unaosema kwamba mataifa wataukanyaga mji mtakatifu miezi 42. Aliifuata kanuni ya siku moja kwa mwaka mmoja, ambayo watetezi wake huitegemeza juu ya Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, na kwa kuwa kila mwezi aliupa siku 30, akapata miaka 1260. Pa kuanzia alipachagua mwaka 637, alioutaja kuwa ndio ambao majeshi ya Khalifa Umar yaliutwaa Yerusalemu. Alipojumlisha, akafika 1897, mwaka ambao kwake Wayahudi wangerudishiwa Palestina. Kwa hiyo Theodor Herzl, mwandishi wa magazeti wa mjini humohumo Vienna, alipochapisha Februari 1896 kijitabu cha kudai dola la Wayahudi, Hechler hakushangaa hata kidogo, kwani kwake yeye tarehe ilikuwa imewadia.

Mwezi uliofuata Herzl alimtembelea, akaeleza katika shajara yake chumba kilichojaa vitabu hadi darini, vyote Biblia, na ramani ya kijeshi ya Palestina, yenye karatasi nne, ikitandazwa sakafuni. Herzl hakuwa mtu wa dini. Hata hivyo kasisi huyu aliwahi kuwa mwalimu katika nyumba ya Friedrich wa Kwanza, mtawala wa Baden huko Ujerumani, na alijua mlango wa kubisha. Mwezi Aprili Herzl alipokewa na mtawala huyo mjini Karlsruhe, na mwaka 1898 akapokewa na Kaisari wa Ujerumani mwenyewe. Katikati yake, Agosti 1897, lilifanyika mjini Basel Kongamano la Kwanza la Wazayuni, yaani Wayahudi waliodai nchi yao wenyewe. Mwaka ukawa umelingana.

Wasomaji Wasabato watanikatiza hapa, na wana haki, maana miaka hiyohiyo 1260 wao huianzia 538 wakaishia 1798, Papa Pius wa Sita alipokamatwa na majeshi ya Ufaransa. Hesabu ni ileile, mwanzo ndio uliohama. Mwanzo huo haumo ndani ya mstari, ila msomaji ndiye anayeuchagua, na mara nyingi huuchagua akiwa ameshajua anakotaka kufika. Hechler hakuitimiza hesabu yake kwa kujumlisha vizuri. Aliisukuma itimie kwa kupanda treni na kubisha hodi kwa wakubwa.

Ndiyo maana huwarudisha wanafunzi kwenye Yeremia 28 na 29, sura ambazo hunukuliwa sana lakini husomwa kwa haraka. Nabii Hanania alitangaza hekaluni kwamba vyombo vya nyumba ya Bwana vingerudi kutoka Babeli katika muda wa miaka miwili. Yeremia akawaandikia waliokwisha kuhamishwa kwamba ni miaka 70, kwa hiyo wajenge nyumba, wapande bustani, waoze wana wao. Namba hiyo, kwa waliosikia mara ya kwanza, ilikuwa ya kuzima kiherehere, kwani mtu mzima aliyeipokea barua hiyo alielewa kwamba angezikwa ugenini. Anayetaka kuipima kwa kalenda atakuta kwamba kutoka 605 kabla ya Kristo, Babeli ilipoishinda Misri huko Karkemishi, hadi 539, Koreshi mfalme wa Uajemi alipoitwaa Babeli, ni miaka 66; na kutoka kubomolewa kwa hekalu mwaka 586 hadi kukamilika kwa hekalu la pili mwaka 515 ni 71. Waandishi wa Biblia waliofuata hawakuhangaishwa na tofauti hiyo, na mimi pia hainihangaishi.

Kwetu Afrika Mashariki kisa hiki kina mlango wake. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Herzl ardhi kwa ajili ya Wayahudi, na uwanda uliofikiriwa ukawa Uasin Gishu, ambao leo uko Kenya ingawa mpango wenyewe uliitwa wa Uganda. Hakuna nabii aliyeutaja Uasin Gishu. Kongamano la Sita, Basel, lilipiga kura 295 dhidi ya 178 kwamba wachunguzi wapelekwe, na wajumbe wengi wa Urusi wakatoka ukumbini. Wengine waliketi chini kama waombolezao hekalu. Miongoni mwa waliokataa walikuwamo wajumbe wa Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, ambako Wayahudi 49 walikuwa wameuawa Aprili mwaka huohuo, watu waliohitaji kimbilio kuliko wote. Wengi wa wapinzani hao hawakuwa washika dini, wala hawakuwa na hesabu yoyote ya miezi 42.

Herzl, ambaye kongamano lilikuwa karibu kumponyoka, alilifunga kwa kuinua mkono wake wa kuume na kutamka kwa Kiebrania maneno ya Zaburi 137, wimbo wa wale waliohamishwa Babeli: Ee Yerusalemu, nikikusahau wewe, mkono wangu wa kuume na usahau.