Kupeana unga si huduma kwa jamii, jameni

Tena wiki hii. Faili ya promosheni imeletwa mbele ya paneli yetu ya kupandisha vyeo walimu wa chuo kikuu, mwalimu mzuri tu, wanafunzi wanampenda, halafu kwa ile sehemu ya huduma kwa jamii ameweka picha kumi na kitu akipeana unga na sukari kwa makao ya watoto, fulana ya chuo, bango nyuma. Ukimuuliza anashangaa, "Lakini Prof, mimi hutoa sana!"

Kutoa ni kuzuri, Mungu akuongezee. Lakini hata mama mboga wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru hutoa, na hajawahi kuomba kuwa lekchara mwandamizi. Chuo kinauliza ule ujuzi wako umefanya nini nje ya geti.

Machapisho sitayagusa, mwongozo wa 2014 wa CUE, ile tume inayosimamia vyuo vikuu Kenya, uko wazi, kupanda hadi lekchara mwandamizi ni pointi 32 za machapisho na angalau 24 zitoke kwa majarida yanayopitiwa na wataalamu. Soma. Na zile tuzo za "mhadhiri bora" ambazo umelipia meza ya dina ndio upewe, tunazijua.

Sasa tuongee maji. Huku Nakuru tumezoea kuona meno ya kahawia, ni floridi, madini inayotoka kwa miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inaingia kwa visima, na WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwalimu wa kemia akipima kisima cha watu, arudi awaambie haya ni ya kufulia, ya mtoto mdogo tafuta kwingine kwa sababu meno huharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floridi inabaki palepale, awaonyeshe chujio la makaa ya mifupa la kupunguza floridi, hiyo ndiyo huduma. Mwalimu huyohuyo, kijiji hichohicho, akipeleka unga, ni jirani mwema. Basi.

Halafu kuna wale wa kunikasirisha kabisa, wa kuchota sampuli, kupima, kuandika pepa, na kuijaza mara mbili kwa faili, kwa utafiti na kwa huduma. Mwenye kisima aliambiwa nini? Kimya. Ameenda na maji ya watu na hajarudi, alafu anadai amewahudumia! Mwalimu wa uhasibu naye anasema yeye ni mweka hazina wa kanisa. Kuhesabu sadaka hapana, lakini ukikalisha chama cha akina mama ukawafundisha kuweka vitabu vyao mpaka wanajua faida imeenda wapi, leta.

Ingawa huu mstari ninaouchora kati ya utafiti na huduma si mnyoofu vile ninavyojifanya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alipokuwa Maseno alishughulikia mboga za kienyeji, managu, saga, mitoo, wakati wengi waliziona magugu tu ama chakula cha maskini, na akafanya kazi na wakulima kwa mbegu. Hapo utafiti unaishia wapi huduma ianze? Siwezi kukuonyesha, na mwongozo hauwezi pia.

Ushahidi nao ni balaa. Barua ya chifu haimaanishi kitu, chifu anaandikia kila anayebisha hodi. Na nimeona wenye kazi ya kweli ndio wenye faili mbaya zaidi, hawakuwa na mtu wa kupiga picha. Wakati mwingine nafikiria hata hizi alama tunazotoa kwa huduma ndizo zimeleta mabango, kabla yake watu walikuwa wanaenda tu.

Kuna mmoja alileta daftari la kuandikwa kwa mkono, visima, vipimo vya floridi, siku aliyorudisha majibu, cheti hata kimoja hakuna. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwenzangu anataka sifuri kwa sababu hakuna barua rasmi, mimi nataka apewe zote, tukaandika sita kwa kumi. Hiyo sita tuliitoa wapi usiniulize.