Fundi sanifu si fundi hodari

Mwanjelwa, hapa Mbeya, kabla hujafika Sido, kuna kibao cha rangi nyekundu: FUNDI SANIFU WA MAKOCHI. Nimekipita miaka miwili nikijinyamazia. Juzi kondakta wa daladala ya Uyole akawa anamsifia kijana anayebadilisha vioo vya simu: "Yule ni fundi sanifu, hakosei." Basi, leo niacheni niseme.

Kwa kifupi, fundi sanifu ni cheo cha kitaaluma. Ana stashahada ya ufundi, au ile FTC ya zamani (Full Technician Certificate), na kazi yake iko kati ya mhandisi na fundi mchundo: anasoma michoro, anapima, anakokotoa vifaa, anasimamia saiti. Fundi mchundo ndiye kazi iko mikononi mwake: anachomelea, anapandisha tofali, anavuta nyaya, anapiga randa. Maana imeishia hapo.

Sasa hilo "sanifu". Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kupanga vitu kwa aina na kutunga. Wengi wanalidhania ni ndugu wa "sanaa"; hapana, sanaa ina mzizi wake mwingine, wa kutengeneza. Kusanifu ni kupanga kitu kichwani na karatasini kabla mkono haujakigusa. Ndiyo maana anayechora nyumba anaitwa msanifu majengo, na anayeijenga anaitwa mwashi, hata kama mwashi huyo anajua kuliko wote pale saiti.

Nadhani kilichotupoteza ni "Kiswahili sanifu". Shuleni tulikariri kuwa hicho ndicho Kiswahili kizuri, kingine chote ni cha vijiweni. Lakini Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 haikwenda kutafuta Kiswahili kitamu. Ilitaka tahajia moja na msamiati mmoja, juu ya msingi wa Kiunguja kilichokuwa kimeshachaguliwa, ili kitabu kimoja kisomeke Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, hakikuachwa kwa sababu ni kibaya. Washairi wake wangewacheka. Sanifu pale ni "kilichopangiwa kanuni". Sisi tukasikia "bora", tukalibeba hadi kwenye makochi.

Na watu wa Pwani wana maana nyingine tena: kumsanifu mtu ni kumsifia kwa kumdhihaki. Ukimwita kila fundi "sanifu", Mpwani anaweza kukuuliza unamsifu au unamsanifu.

Anayetaka kusifia fundi hodari ana neno "stadi", lile la ustadi. Na "fundi" lenyewe lina heshima ya kutosha, maana linatokana na kufunda: limezaliwa tumbo moja na mafunzo, mwanafunzi, na mwali anayefundwa. Fundi ni mtu aliyefundwa akafundika. Huhitaji kumvisha kofia nyingine.

Mnaweza kusema nabishania maneno tu. Mpwa wangu wa Mafinga alisomea umeme chuo cha ufundi cha VETA hadi ngazi ya tatu. Likatoka tangazo la kazi lenye nafasi za mafundi mchundo na mafundi sanifu. Nikamwambia omba mchundo. "Mjomba, mchundo si kibarua? Mimi ni fundi sanifu, mtaani kote wananiita hivyo." Akaomba sanifu, na hakuitwa hata kwenye usaili, kwa kuwa stashahada hana. Nafasi ya mchundo, ambayo cheti chake kiliifaa kabisa, hakuigusa.

Hapohapo kuna mtego mwingine, huu wa namba. Kabla ya mfumo wa VETA wa sasa kulikuwa na majaribio ya ufundi: unaanza daraja la tatu, unapanda hadi la kwanza. Siku hizi unaanza ngazi ya kwanza, unapanda hadi ya tatu. Hesabu imegeuzwa juu chini. Nimeona mzee wa karakana mwenye cheti cha daraja la kwanza akiambiwa na kijana wa ofisini, "Baba, wewe uliishia ya kwanza tu?" Mzee akakikunja cheti taratibu, akakirudisha mfukoni.

Mchundo si tusi, na mtu hakufungwa hapo. Wapo walioanza na koleo na nyundo, wakarudi darasani, wakapata stashahada, leo ni mafundi sanifu kweli. Ila walikwenda kuisomea.

Fundi wangu wa makochi, sina ugomvi nawe. Lile la watu watatu uliloniundia halijalegea hata kidogo, na watoto wanalirukia kila siku. Siku rangi ya kibao ikichujuka, andika FUNDI MAKOCHI tu. Nafasi itakayobaki, weka namba ya simu. Nimeshakuelekezea wateja wawili wakapotea.