Je, wajua kwa nini risasi nyepesi huweza kuwa na nishati kubwa kuliko nzito?

Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga, wengi wa askari wa jeshi la Wajerumani walioilinda walikuwa bado na bunduki za kizamani, Mauser za 1871. Risasi yake ilikuwa nene, ya milimita 11, uzito wake gramu 25. Ulaya, Wajerumani walikuwa wakipigana na Mauser ya 1898, yenye risasi ya gramu 10 hivi. Ziweke zote mbili kiganjani, na mkono utakuambia ile nene ndiyo yenye kishindo. Hesabu inakataa.

Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito, mara kasi, kisha mara kasi tena. Risasi nene ilitoka mtutuni kwa mita 440 hivi kwa sekunde: hizo ni jouli 2,420 (jouli ni kipimo cha nishati, uzito ukihesabiwa kwa kilo). Ile nyembamba ilitoka kwa karibu mita 880, yaani jouli 3,870 hivi. Uzito umepungua mara mbili na nusu, lakini kasi imeongezeka maradufu, na kasi maradufu huzaa nishati mara nne.

Kwa nini kasi ihesabiwe mara mbili? Hapa ndipo penye utamu. Fikiria bodaboda inayofunga breki. Ikiwa katika kilomita 80 kwa saa badala ya 40, breki zilezile zitachukua muda mara mbili kuisimamisha. Lakini katika muda huo wote inakwenda, kwa wastani, kwa kasi mara mbili pia. Muda mara mbili, kasi mara mbili: umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Risasi inayozama kwenye udongo ingefuata kanuni hiyohiyo, kama udongo ungeizuia kwa nguvu ileile muda wote.

Teke la begani ni jambo jingine. Hilo hufuata uzito mara kasi, mara moja tu. Kwa upande wa risasi yenyewe, ile nene ilisukuma bega zaidi, ingawa nishati yake ilikuwa ndogo. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakidhani bunduki inayoumiza bega ndiyo yenye nguvu zaidi mbele.

Uzito nao una faida yake. Kwa risasi za unene na umbo linalokaribiana, iliyo nzito hupoteza kasi polepole zaidi hewani.

Mbona basi wahunzi wa 1871 hawakuongeza kasi tu? Baruti nyeusi haikuwaruhusu. Njia ilifunguka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu zaidi kwa uzito uleule. Askari wa Tanga walikuwa bado na ile nyeusi: kila walipofyatua, wingu jeupe lilipanda na kumwonyesha adui walipojificha.