"Mpangaji hajalalamika" haimaanishi nyumba iko sawa

Wiki haipiti bila mwenye nyumba kuniambia "huyo mpangaji wangu mtu mzuri sana, kodi mapema ishaingia, hajawahi kunipigia simu na shida yoyote, sasa nikakague nini?" Mimi kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha hapa Mombasa na hii kauli ishanichosha wallahi. Kodi kuingia mapema inakwambia mpangaji ana pesa, basi. Ya nyumba hujaambiwa chochote.

Kwani mpangaji alalamike kwa nini? Akikuita uje kutengeneza anaogopa utaona palivyo pazuri umpandishie kodi, au umwambie yeye ndiye kaharibu ukate depositi. Mwengine ashapanga kuhama mwisho wa mwaka, na mwengine ashazoea tu. Bomba la chini ya sinki linatona, anaweka beseni, jioni anamwaga, kwake shida imeisha. Wewe huku nyuma kabati la mbao linavimba, maji yanapita kwenye kiungo cha tailizi, yanaingia kwenye slabu, yaani sakafu ya zege, na wa kwanza kukupigia simu atakuwa jirani wa chini akikwambia dari lake limepiga madoa ya njano. Hapo ndio unakimbia kunitafuta.

Na huku pwani kuna chumvi, jamani. Hewa ina chumvi, maji ya kisima mengi yana chumvi, kuna majengo mpaka mchanga uliojengewa ulikuwa na chumvi. Maji yakipenya kwenye zege nondo zinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo nondo inavimba ndani kwa ndani, zege inapasuka mstari mrefu unaofuata nondo, alafu siku moja kipande cha dari kinadondoka kitandani kwa mtu. Ule mstari ulianza mwembamba kama uzi, yeyote mwenye macho angeingia mapema angeuona, ukazibwa kwa kazi ndogo. Lakini mpangaji "hakulalamika".

Mimi nikienda kukagua sianzi ndani, naanzia kwenye mita ya maji. Mwambie mpangaji afunge mifereji yote, alafu tazama ile nyota ndogo kwenye mita. Ikizunguka hata polepole kuna mahali panavuja, tafuta. Choo ndio mshukiwa wa kwanza. Chukua rangi ya biriani, ile ya unga, tia kidogo ndani ya tangi la choo, msivute maji kama nusu saa hivi, muendelee na vyumba vingine. Mkirudi mkakuta maji ya bakuli yamegeuka rangi, raba ya ndani imekwisha, inapitisha maji usiku na mchana. Raba yenyewe bei yake si ya kukosesha mtu usingizi, lakini kama maji yako ni ya kisima basi umeme wa ile pampu unalipa wewe mwenye nyumba, kwa hiyo choo cha mpangaji asiyelalamika kinakula tokeni zako. Hii ya biriani nawaambia wateja wote, wanacheka, alafu wananipigia simu.

Baada ya masika rudi tena, utazame kuta zinazoelekea kusi maana ndizo zinazopigwa na mvua ya upepo, na upande wa ndani wa kabati za nguo, kuvu hupenda kuanzia pale. Kwa wastani kila miezi mitatu minne inatosha, kila mwezi ni usumbufu.

Kuna wale wa "keateka yuko pale kila siku". Keateka anafungua pampu na kufagia ngazi, ndani ya nyumba za watu haingii, na wala sitaki aingie.

Wa pili yake ni "nyumba yangu, ufunguo ninao, naingia nikitaka". Huyu anatafuta kesi. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinakuruhusu kuingia wewe au ajenti wako kwa wakati unaofaa, kuangalia hali ya nyumba au kufanya marekebisho yaliyo juu yako, bila kumuingilia mpangaji kwenye matumizi yake ya nyumba kupita kiasi. Kifungu hichohicho kinampa mpangaji anayelipa kodi haki ya kukaa kwa utulivu, alafu juu yake kuna Katiba ya 2010, ibara ya 31, faragha ya mtu na nyumba yake. Mke wa mtu yuko ndani na kanga moja wewe unazungusha ufunguo mlangoni, hata bila sheria hiyo ni adabu gani?

Wapangaji nao wananiletea "sheria inasema notisi masaa 24". Hiyo ni ya Uingereza, mmeisoma kwenye simu. Yetu inasema wakati unaofaa, haikutaja masaa, ndio maana nang'ang'ania iandikwe kwenye mkataba. Mimi huandika siku mbili, ijumaa mchana hapana, na usiku hapana.

Kushtukiza ndio upate ukweli? Kuvu haifichiki kwa siku mbili na ufa hauhami. Kitakachofichwa ni vyombo vichafu, na hivyo havikuhusu. Kuna mama mmoja mwenye nyumba alikuwa anakagua mpaka friji ya mpangaji, nikamwambia mama, friji si yako.

Wapangaji wengine husema, "Wanakuja kukagua wapate sababu ya kula depositi." Wapo wenye tabia hiyo, sikatai. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema mpangaji habebeshwi uchakavu wa kawaida. Rangi ya ukuta kufifia miaka minne ni uchakavu, mlango uliopigwa teke si uchakavu. Na kinachokuokoa wewe mpangaji ni hizo picha za ukaguzi zenye tarehe, kwa hiyo piga na za kwako, siku ya kuingia na kila ukaguzi, zitume kwa WhatsApp kwa mwenye nyumba hapohapo mkiwa wote mmesimama. Akikataa kuzipokea zitume vivyo hivyo. Mimi ripoti ya mdomo siitambui, awe mpangaji awe mwenye nyumba.