Upanukaji wa ulimwengu: kasi ni rahisi, umbali ndio kazi

Kupima kasi ya galaksi inayotuacha si kazi kubwa. Unachambua mwanga wake na kuutafuta mstari mwekundu wa haidrojeni. Maabara, mstari huo hukaa kwenye nanomita 656.3. Ukiukuta kwenye 669.4, umesogea 13.1, gawa kwa 656.3 upate 0.02. Zidisha kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, upate kasi ya galaksi: kilomita 6,000 kwa sekunde. (Njia hii ya mkato ni ya galaksi za karibu tu.) Na tuelewane: galaksi haikimbii kukatiza anga, bali anga lenyewe linatanuka, na wimbi la mwanga linavutika nalo njiani.

Kasheshe iko kwenye umbali. Lori likija usiku katika vumbi la kiangazi hapa Dodoma, taa zake hufifia ukadhani liko mbali, kumbe limeshafika. Vumbi la angani nalo hutupeleka kulekule: umbali unazidi, na kasi ya upanukaji (kasi ya galaksi ukiigawa kwa umbali wake) inapungua. Ndiyo maana Sefeidi, nyota tunazopimia umbali huo, hupimwa kwa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), inayopenya vumbi vizuri zaidi. Nyota zikisongamana, kosa hugeuka: mwanga wa jirani huchanganyika na wa Sefeidi, nayo ikaonekana iko karibu.

Sefeidi ni nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt alionyesha, kwa nyota za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kwamba zamu ikiwa ndefu, mng'aro halisi ni mkubwa; ukiulinganisha na mng'aro tunaouona, unapata umbali. Toka nje ya taa za mji Oktoba, saa kumi alfajiri, tazama kusini: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndugu ya lile Dogo, liko kama nyuzi 27 juu ya upeo wa macho. Umbali wake, miaka ya nuru 162,000 hivi, umepimwa kwa usahihi wa karibu asilimia 1, na Sefeidi zake hutumika kusawazisha vipimo vya mbali. Kutoka hapo tunavuka hadi supanova za aina ya Ia, milipuko ya nyota inayoonekana kutoka mbali zaidi.

Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble alipata kasi ya upanukaji ya takriban 500 (kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kila miaka ya nuru milioni 3.26), kwa sababu umbali wake ulikuwa mfupi mno. Leo ngazi hii ya vipimo, kutoka Sefeidi hadi supanova, inatoa 73. Mnururisho wa kale, mwanga uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliopimwa na chombo cha Planck unatoa 67.4. Darubini ya James Webb imezipima upya Sefeidi, na msongamano hauonekani kuwa chanzo cha pengo hilo. Jicho langu liko kwenye supanova: kipimo cha mwaka 2022 kilitegemea galaksi 37 tu zenye Sefeidi na supanova kwa pamoja.