Kuwasha Si Kufanya Kazi: Maswali Kuhusu Krimu na Vipodozi vya Bei Rahisi

Kwenye kituo chetu cha afya, upande wa Uganda wa mpaka wa Busia, haipiti wiki kabla hajaingia dada aliyejifunika leso usoni. Akiitoa nakuta yale yale: mashavu yamewiva, ngozi nyembamba kama ya kitunguu, vipele vimezunguka mdomo. Namuuliza ilianza lini. "Musawo," yaani daktari kwa Kiganda, "ni kama miezi mitano." Miezi mitano! Kwa nini hukuja? Na hapo jibu ni moja tu: muuzaji wa krimu ya kujichubua alisema ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Basi haya ndiyo maswali ninayoulizwa chumbani, na majibu ambayo nimechoka kumpa mmoja mmoja.

Krimu ikiwasha au kuchoma, si dalili kwamba inafanya kazi?

Hapana. Kuwasha ni ngozi inalia. Kuchoma ni ngozi inaungua. Hakuna krimu ya kupaka usoni kila siku ambayo kazi yake ni kukuchoma. Ikikuwasha, ioshe papo hapo kwa maji mengi na sabuni isiyo na manukato, kisha usiipake tena. Usijaribu kidogo tu kesho, wala usiichanganye na mafuta ya mgando eti upunguze ukali. Na usirudi kwa aliyekuuzia akupe ya kutuliza, maana huyo anauza, hatibu.

Mbona rafiki yangu alipaka, ikamwasha wiki moja tu, na sasa anang'aa?

Anang'aa leo. Nyingi ya krimu hizo zina stiroidi, dawa kali inayozima uvimbe na mwasho. Ngozi imenyamazishwa, haijapona. Ndiyo maana hata chunusi na choa vinaonekana kutoweka siku za kwanza. Choa hasa kinadanganya: stiroidi inafuta ile duara yake tunayoijua, huku fangasi wenyewe wanaenea chini kwa chini, na mtu anapofika kwetu kimeshavuka shavu kikafika shingoni. Mwambie rafiki yako aje sasa, akiwa bado anang'aa.

Kwani ndani ya hizo krimu mna nini?

Mna vitu vitatu ninavyovikuta tena na tena, mara nyingine vyote katika kopo moja.

Cha kwanza ni zebaki, ile ile ya kwenye kipimajoto cha zamani. Inazuia mwili kutengeneza rangi ya ngozi, na inaingia kwenye damu. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki wakapooza na kufa, ulitaka krimu na sabuni zenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo ziwe zimeondoka sokoni ifikapo 2020. Mwaka huo umepita, na krimu bado zinavuka kwa njia za panya.

Cha pili ni hidrokwinoni. Inachubua mwanzoni, halafu ukikaa nayo muda mrefu huku ukipigwa na jua inaleta madoa meusi ya bluu mashavuni, ambayo hayatoki kirahisi. Uliyemkimbia mlangoni unamkuta sebuleni.

Cha tatu ni stiroidi niliyoitaja. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, kwa ugonjwa maalumu na kwa siku za kuhesabu. Si mafuta ya kupaka.

Kwenye boksi majina yameandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama chawa. Tafuta *mercury*, *calomel*, *hydroquinone*, *clobetasol* au *betamethasone*. Ukiona onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au aluminiamu, irudishe: hilo ni onyo la zebaki. Kitu kisichofaa kugusa hereni yako kitafaaje kugusa shavu lako?

Nilipoiacha, uso uliwaka kuliko mwanzo. Si ina maana ngozi yangu inaihitaji?

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Hapana, haiihitaji. Ngozi iliyozoea stiroidi ikinyimwa ghafla inawaka, inavimba, inatoa vipele, na mwenyewe anakimbilia kopo lile lile. Akipaka, kunatulia. Anasema, "Mnaona? Hii ndiyo dawa yangu." Mwanzo ilipowasha aliambiwa inafanya kazi, na sasa kuwasha kwa kuiacha kunamwambia airudie. Kote kuwili anadanganywa.

Kama umepaka krimu kali kwa miezi, hasa mwili mzima, fika kituoni tukusimamie unapoiacha. Stiroidi nyingi ikiingia mwilini inazilaza tezi zinazotengeneza homoni ya kukabili maradhi na mshtuko. Ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, hata kuanguka. Narudia ili pasiwe na kisingizio: sijasema uendelee kupaka. Nimesema uje.

Si itaharibika ngozi tu? Ngozi itaota nyingine.

Na figo je, itaota nyingine? Zebaki inaumiza figo. Ukiamka macho na uso vimevimba, miguu inabonyea, mkojo una povu lisiloisha, usisubiri kesho. Kipimo cha mkojo cha kuangalia protini ni kijiti tu, dakika chache. Wengine wanaanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kukasirika bila sababu, na nyumbani wanasema amerogwa. Uliza kwanza anapaka nini.

Stiroidi nayo inapandisha sukari na presha, na ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya macho. Ngozi iliyokondeshwa hivyo ukiijeruhi haifungi vizuri. Mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji na amejichubua tumbo amwambie daktari kabla ya kisu. Aibu aiache nje ya mlango.

Nina mimba. Naruhusiwa kuendelea mpaka nijifungue?

Hapana. Zebaki inavuka kwenda kwa mtoto, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Na aliyekwisha kuzaliwa analala kifuani pako, anakushika shingo, kisha anatia mkono mdomoni.

Kuna wanaompaka mtoto mchanga krimu hizo "ashike rangi". Nimewaona. Naomba nisiwaone tena. Mtoto mchanga anaoshwa kwa maji na sabuni laini, na akipakwa, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanamtosha.

Vya ghali au vya asilia si ndiyo salama?

Bei haipimi zebaki. Nimeona kopo la bei ya mbuzi likiwa na sumu, na mafuta ya mgando ya shilingi elfu chache yasiyo na neno. Picha ya karoti au papai kwenye kopo ni picha. Ndimu ikipakwa usoni kisha ukatoka juani inababua na kuacha weusi, na dawa ya meno ni ya meno. Kuhusu wanaomimina jiki kwenye beseni la kuogea, sitaki hata kujua nani aliwafundisha.

Pesa yangu ni kidogo na kwanjula ya dada yangu, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, iko karibu. Ninunue nini?

Nunua vichache. Sabuni ya kawaida, mafuta ya mgando au mafuta ya shea, poda moja, wanja mmoja, rangi moja ya mdomo. Mafuta ya shea yanatoka huku kwetu kaskazini, kwa Waacholi na Walango wanaoyaita *moo yao*, na ngozi kavu inayapenda. Rangi ya mdomo ukiigusisha kidogo mashavuni inatosha, huhitaji kopo lingine la mashavu.

Poda ichague ya rangi yako. Toka nayo nje ya duka, maana taa za dukani zinadanganya, uipake kidogo pembeni ya taya. Ikipotea kwenye ngozi, ndiyo hiyo. Wengi wanajiona "hawapendezi" kwa sababu wamenunua poda iliyowazidi weupe kwa hatua mbili, halafu wanatafuta krimu ili uso uifuate poda. Badilisha poda, dada yangu. Ni rahisi kuliko kubadilisha uso. Na waliobadilisha uso tunawajua kwa vidole: uso Fanta, viungo vya vidole Coca-Cola.

Usianze kitu kipya juma la sherehe. Kipake kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku kadhaa. Kikiwasha, umepoteza shilingi, hujapoteza uso.

Nitajuaje bidhaa mbovu kwenye masoko ya Kampala kama Owino na Kikuubo, au soko la hapa kwetu?

Usinunue krimu ya kupimiwa. Hili nalisema kwa sauti. Kuna wauzaji wanaokoroga tyubu tatu nne kwenye ndoo, wanakupimia kwa kijiko kwenye kopo lisilo na jina, na kila mmoja ana mkorogo wake. Hata mimi mwenye kipimo cha mkojo mkononi siwezi kukuambia umepaka nini.

Kwa zilizofungwa, angalia kama mfuniko haujafunguliwa, orodha ya vilivyomo ipo, tarehe ya mwisho haijabandikwa karatasi juu ya nyingine, na mtengenezaji ametajwa pamoja na anwani. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, lina orodha ya vipodozi vilivyopigwa marufuku. Mtoto wako mwenye simu anaweza kukutafutia. Kama jina lipo humo, bei ya chini isikushawishi. Bidhaa ya kujaribia iliyowekwa kaunta, iliyopita midomo ya soko zima, usiiguse kwa mdomo wala jicho.

Na wanja, maskara, kope za bandia?

Usiazimane. Maskara iliyofunguliwa itupe baada ya miezi mitatu. Ikikauka imekufa, usiitemee mate wala kuitia maji. Kabla ya kulala osha yote. Wanja wa unga usio na jina unaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usimpake mtoto mchanga, hata bibi akisisitiza. Mwambie bibi kwa heshima, lakini mwambie.

Jicho likiwa jekundu na linauma, au mwanga unalichoma, au unaona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usitie maziwa ya mama, usitie mkojo, usinunue matone ya jirani. Baadhi ya matone yana stiroidi, na yakikutana na kidonda cha jicho yanaweza kukuacha kipofu. Jicho nalo halichomwi "ili lisafike".

Basi nikiona mwasho, nisubiri siku ngapi kabla ya kuja?

Ukishaosha na mwasho ukaisha kabisa, huna haja ya foleni. Lakini ukibaki siku mbili, au kukiwa na malengelenge, usaha, homa, au uso umevimba, njoo. Midomo au ulimi ukivimba na pumzi ikabana, usingoje hata saa; panda boda boda ya kwanza. Kumwona mhudumu katika vituo vya serikali hakutozwi pesa tangu 2001. Dawa zinaweza kuwa zimeisha, hilo sitalificha, ila kuangaliwa ni bure, na mara nyingi tiba ya kwanza ni kuacha kupaka, ambayo haijawahi kuisha stoo.

Wanaume, hili si la akina mama peke yao. Wale wa krimu za "kuondoa vipele vya kunyoa", nawaona pia, mmekaa mwisho wa benchi na kofia.

Nikija, nije na nini?

Njoo na kopo. Wengi wanalitupa chooni au kulichoma moto kabla ya kuja, ili wasigombezwe. Usilichome: kama lina zebaki, moshi wake unavutwa na wote nyumbani. Lifunge kwenye mfuko, hata likiwa tupu, ulete pamoja na boksi lake na vingine vyote unavyopaka. Na kama ulipimiwa kwenye kopo la mafuta ya mtoto, lete hilo hilo.